Mashine Yenye Homa

Jumamosi ile soko la Mwanga lilikuwa limefurika. Madumu ya mawese yamepangwa jua likiyawakia, wauza samaki wa migebuka wanashindana kupaza sauti, na Edina, katika gauni lake la kitenge cha rangi ya chungwa, alikuwa ameinama akichagua nyanya. Ghafla bodaboda ikafunga breki karibu na vidole vyake.

Nyuma ya dereva alikaa kijana mrefu mwenye shati jeupe, mikono imekunjwa hadi viwikoni. Alikuwa amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa blanketi, amekisimamisha mapajani kama mtu anayekimbiza mtoto hospitali.

"Ilaze!" Edina alisema.

Watu wakageuka. Edina mwenyewe alishtuka. Yeye alikuwa msichana ambaye hata kanisani huomba kwa kuchezesha midomo tu, jirani asisikie.

"Unasemaje, dada?"

"Hiyo kompyuta." Sauti ilikuwa imeshuka sana sasa. "Ilaze ubavu. Ukiisimamisha, kadi ya picha inaning'inia kwa uzito wake mwenyewe. Tuta moja tu, itang'oa tundu lake."

Kijana alitazama blanketi, kisha akamtazama yeye. "Umejuaje kuna kadi humu?"

"Feni zinaonekana hapo pembeni, blanketi lilipofunuka. Mashine ya ofisini haina feni za namna hiyo. Hiyo ni ya gemu."

Kijana akailaza polepole, kwa adabu. "Ina homa," alisema. "Nikicheza dakika kumi inaunguruma kama boti la Kagunga, halafu kioo kinakuwa cheusi. Naitwa Nickson. Wewe ni fundi?"

Edina alisubiri kicheko. Katika miaka miwili tangu atoke chuoni na stashahada ya kompyuta, alikuwa amekizoea kicheko hicho, na kukizoea hakukupunguza uchungu wake. Wateja waliingia dukani, wakamtazama yeye na bisibisi mkononi, wakauliza kama fundi ametoka. Lakini huyu hakucheka. Alikuwa anangoja jibu.

"Ndiyo," Edina akasema. "Niko kwa Mzee Hamdani, pale nyuma ya stendi."

"Basi twende, dokta. Mgonjwa asije akafia sokoni."

Edina alisahau nyanya zake.

Dukani aliifungua mashine mbele ya mwenyewe. Vumbi jekundu la Gungu, alikoishi Nickson, lilikuwa limejaa kwenye mapezi ya kupoozea mpaka limekuwa kama zulia. Aliipuliza kwa blowa nje ya mlango, akaitoa kadi, akafungua kifuniko chake. Pesti inayokaa kati ya chuma na moyo wa kadi, ile inayobeba joto kulipeleka kwenye mapezi, ilikuwa imekauka na kupasukapasuka.

"Tazama," alimwambia. "Joto halina pa kupita. Kadi inaungua, inajizima ili isife. Haijaharibika. Inajiokoa."

"Kumbe ina akili kuliko mimi," Nickson akasema.

Edina alipaka pesti mpya, akafunga, akawasha. Wakacheza gemu la magari kwa saa nzima ili kuijaribu, na Edina akamshinda mara tatu. Joto halikupita nyuzi sitini na kitu. Nickson aliondoka na mashine iliyopona, na namba ya simu ambayo hakuhitaji kuibembeleza.

Alikuwa afisa uvuvi, mwenyeji wa Muleba, ameletwa Kigoma na serikali. Siku nyingi alishinda majini kwenda vijiji vya Mwamgongo na Kagunga, akirudi jioni ananuka dagaa, amechoka, hana ndugu mjini. Gemu lilikuwa baraza lake. Ndiko alikocheza na mdogo wake aliyeko Mwanza huku wanasikilizana kwa vipokea sauti. Hayo yote Edina aliyajua kwa simu, kwa kuwa kwenye simu aibu yake ilikuwa inalegea.

"Dokta, umekula?"

"Nimekula, Afisa."

"Umekula nini?"

"Ugali na samaki, kuhe."

"Kuhe wa ukubwa gani? Maana wakiwa chini ya kipimo nitakuja kukukamata."

"Njoo unikamate," Edina alisema siku moja, kisha akakata simu kwa aibu na kuufunika uso kwa mto.

Walikula migebuka ya kukaanga Kibirizi, wakatembea Katonga mchana wa Jumapili, mabega yakikaribiana bila kugusana. Nickson alimwita mpenzi kwa mara ya kwanza mbele ya muuza mahindi, na muuza mahindi akawaongezea hindi moja.

Kisha mama yake Nickson akaja kutoka Muleba. Mama Rozalia alishuka kwenye basi na ndizi, senene wa kukaanga kwenye kopo, na begi moja ambalo hakutaka mtu alibebe.

"Mama amekuja," Nickson alimwambia Edina. "Njoo Gungu umsalimie."

Binti haendi tu kumsalimia mama wa mwanamume. Akifika pale, akapiga goti, akapokea chai, amekwisha kujitambulisha, na mtaa mzima utakuwa unahesabu siku. Hakuwa tayari kutazamwa hivyo.

"Nitakuja," alisema. "Nipe muda kidogo."

Wiki ile ile mashine ikaanza homa upya.

Nickson aliileta dukani, imelazwa vizuri. Edina aliifungua, safi. Pesti laini, feni zinazunguka. Aliiwasha mchana kutwa, akaipa gemu zito kuliko yote, na joto likakaa palepale sitini na kitu. Ikarudi Gungu. Jioni hiyo hiyo simu ikalia.

"Imezima tena, mpenzi. Joto tisini na tano."

"Imekaa wapi? Karibu na ukuta?"

"Palepale pa siku zote. Mezani, pembeni ya kioo."

"Nipigie picha."

Akapiga. Mashine imesimama mezani, wazi pande zote. Edina aliitazama picha ile mpaka macho yakauma. Mara ya pili ikaletwa dukani, ikafanya kazi vizuri, ikarudi, ikazima. Alijua dawa: aende mwenyewe akaione inapokaa. Na aliogopa chai ya Mama Rozalia.

"Inapona ikiwa kwako tu," Nickson alisema, na safari hii hakuwa anatania. Alikuwa ametoka Kagunga, ameloa, amechoka. "Kwangu inakufa. Unanieleza nini?"

"Sijui bado."

"Hujui." Akakata simu.

Alhamisi asubuhi duka lilikuwa na watu. Kijana mmoja wa saluni alikuja kuchukua laputopu yake ambayo haijakamilika.

"Haijaisha kaka," Edina alisema. "Njoo jioni."

"Nipe hivyohivyo, dada. Sitaki mambo."

"Mambo gani?"

Kijana alisita, kisha akatoa simu na kubonyeza. Sauti ikajaa dukani, na Edina aliitambua kabla ya neno la pili, maana ndiyo sauti iliyokuwa ikimuuliza kila jioni kama amekula.

"Wazee, mnaopeleka mashine kwa yule dada wa kwa Hamdani, kuweni makini. Fundi Elikana ameniangalizia, anasema hii kadi siyo yangu, nimebadilishiwa. Nahisi kweli nimepigwa."

Ilikuwa imetumwa kwenye kundi la wacheza gemu wa Kigoma nzima.

Watu wote dukani waliacha walichokuwa wanafanya. Mzee Hamdani alivua miwani. Edina alisimama na bisibisi yake, na kwa mara ya kwanza maishani hakutamani ardhi ipasuke aingie. Alitamani ipasuke imlete Nickson hapo.

Alitoka nje, akapiga.

"Umeniita mwizi."

"Edina, sikusema mwizi. Nilisema nahisi..."

"Umenitangazia mji mzima kwamba nimekuibia, halafu unaniambia ulikuwa unahisi? Hukuwa na namba yangu? Hukujua duka lilipo?"

"Nilikuwa na hasira. Elikana amefungua, akasema..."

"Elikana! Elikana umemjua lini? Mimi nimekaa na wewe Katonga, nimekula na wewe sahani moja. Elikana kasema neno moja, ukaliweka juu yangu!"

Alikuwa anapiga kelele stendi. Makondakta walimtazama. Na wamtazame tu.

Aliporudi ndani, Mzee Hamdani alisema kwa upole wa mtu ambaye tayari ameamua, "Mwanangu, kaa nyumbani kidogo, mambo yapoe."

"Samahani mzee, lakini mambo hayatapoa nikikaa nyumbani. Watasema nimekimbia."

"Duka ni la watu, Edina. Watu wameogopa. Usiponiletea jibu linaloeleweka, siwezi kukurudisha."

Aliondoka na bisibisi zake kwenye mfuko wa rambo. Alikuwa amejenga jina mji huu mteja mmoja baada ya mwingine, akimeza kila swali la fundi yuko wapi, na mwanamume mmoja amelibomoa akiwa amekaa kwenye kochi lake.

Mama mdogo Scola, anayeuza dagaa Ujiji na asiyejua kunong'ona, alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Kisha akajifunga kanga ya pili kiunoni.

"Twende."

"Wapi, mama mdogo?"

"Gungu. Ulikuwa unaona aibu kwenda kama mchumba. Sasa unaenda kama mdai haki. Hiyo haina aibu."

Walifika Jumamosi asubuhi, wamepakizana bodaboda moja. Mama Rozalia alikuwa anafagia uwanja, mama mwembamba mwenye kilemba cheupe.

"Mwakeye, mama!" Mama mdogo Scola alimsalimu kwa Kiha, kisha akageukia Kiswahili. "Tumekuja kumwona kijana wako. Amemwita binti yetu mwizi."

Ufagio ulisimama. Nickson alitokea mlangoni na fulana ya nyumbani. Alipomwona Edina rangi ilimtoka.

Edina alipiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Edina? Nilikuwa nakusubiri uje kwa heri."

"Nami nilitaka iwe hivyo, mama. Naomba kuiona mashine."

Waliingia sebuleni. Edina alisimama mlangoni, akakodoa macho.

Kila kitu chumbani mle kilikuwa kimevishwa. Makochi yalikuwa na vitambaa vya kufuma, redio ilikuwa na kitambaa, deli la maji lilikuwa na kitambaa. Na mezani, pembeni ya kioo, mashine ya gemu ilikuwa imesimama ndani ya gauni jeupe lenye maua ya waridi pembeni, limeshonewa bitana ya satini, limeteremka kutoka juu hadi mezani. Mbele tu palikuwa na nafasi ya kubonyeza kitufe. Ilikuwa imewashwa, na ilikuwa inaunguruma humo ndani kama kuku aliyefunikwa tenga.

"Hicho kitambaa," Edina alisema taratibu, "kimekuwapo tangu lini?"

"Tangu nije," Mama Rozalia alijibu, na fahari kidogo haikukosekana. "Nilikifuma Muleba. Vumbi la hapa ni jingi, na kitu cha gharama hakiachwi uchi."

"Na unapocheza, unakiondoa?"

Swali lilimwelekea Nickson. Alikuna shingo. "Mama hapendi nikiondoe. Kina matundu lakini, hewa inapita."

"Kina bitana ya satini! Na ile picha uliyonitumia?"

"Nilikitoa kwanza. Nilitaka uione vizuri."

Mama mdogo Scola aliketi kwenye kochi bila kukaribishwa. "Mungu wangu. Amemvalisha mgonjwa koti, halafu anamshitaki daktari kwa homa."

Edina hakucheka. Aliinama kwenye kioo, akaonyesha namba: tisini na nne. Akamwomba ruhusa Mama Rozalia, akaliinua lile gauni kwa mikono miwili, akalikunja vizuri, akaliweka mikononi mwa mama. Hewa ya moto ikatoka kama mtu amefungua sufuria. Wote wanne wakatazama namba ikishuka. Themanini. Sabini na tano. Ule muungurumo ukapungua hadi wakasikia majogoo wa jirani. Ikafika sitini na nane, ikatulia.

"Edina..." Nickson alianza.

"Bado. Boksi la kadi liko wapi? Lile lililokuja nayo."

Alilishusha kutoka juu ya kabati. Edina alizima mashine, akafungua ubavu wake, akamulika kwa simu.

"Soma namba ya kwenye boksi. Kisha soma ya kwenye kadi. Soma kwa sauti, mama zetu wasikie."

Nickson akasoma. Akafika hadi tarakimu ya mwisho. Zilifanana zote.

"Boksi lilikuwa humu ndani," Edina alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, lakini hayakumzuia kusema. "Juu ya kabati lako. Ungenyoosha mkono tu. Elikana angekwambia nimebadilisha, ungesoma, ungemwambia anasema uongo. Ulishindwa kunyoosha mkono, Nickson. Kunichafua kulikuwa rahisi kuliko kunyoosha mkono."

Aliyejibu ni Mama Rozalia.

"Mimi ndiye niliyeifunika," alisema. "Hilo ni langu, mwanangu, na unisamehe. Sikujua. Lakini mdomo," akamgeukia mwanawe, "mdomo sikuufunika mimi wala sikuufunua. Mtoto wa watu unamwita mwizi kwa redio?"

"Kwa simu, mama."

"Usinirekebishe!"

Nickson alipiga magoti, mtu mzima wa serikali, pale kwenye mkeka. "Nisamehe, Edina. Nimekosa."

"Hapa tuko wanne," Edina akajibu. "Ulinikosea mbele ya mji."

Wakaondoka bila kunywa chai.

Saa haikupita, kundi la wacheza gemu likapokea sauti nyingine ya Nickson. Alisema jina lake kamili, akasema jina la Edina, akaeleza kitambaa na bitana na boksi lililokuwa juu ya kabati, bila kujipunguzia hata chembe. Watu walimcheka siku nzima. Mmoja alimwekea picha ya kompyuta iliyovaa shela. Elikana, alipoulizwa na kundi, alisema alikuwa anakisia tu, kisha akajitoa.

Jumatatu Nickson alikwenda dukani palipokuwa pamejaa, akavua kofia.

"Mzee Hamdani, shikamoo. Mimi ndiye niliyesema fundi wako ameniibia. Nilisema uongo. Kadi ilikuwa yangu, kazi aliyofanya ilikuwa nzuri, na kosa lilikuwa nyumbani kwangu. Kama umemwondoa, umemwondoa kwa uongo wangu."

"Mwite aje," Mzee Hamdani alisema, akikwepa macho ya wateja.

"Utamwita wewe, mzee. Na wewe ulimwondoa."

Mzee Hamdani alipiga simu. Edina alirudi mchana ule, akaweka bisibisi zake mezani, akamwambia mzee mbele ya watu kwamba akitaka kumtoa siku nyingine amsikilize kwanza.

Simu za Nickson hakuzipokea. Kila zilipolia moyo ulimwenda mbio, na kila moyo ulipokwenda mbio alizidi kukasirika, sasa akiukasirikia moyo wenyewe, usio na msimamo.

Wiki iliyofuata alipita Kibirizi asubuhi kumchukulia mama mdogo dagaa. Boti la Kagunga lilikuwa linapakia magunia ya unga na masanduku ya soda. Nickson alikuwa amesimama kwenye changarawe, koti la kujiokolea majini shingoni, begi mgongoni. Amekonda. Alimwona Edina, akaja, akasimama hatua chache mbele yake.

"Sikupigii tena kama hutaki," alisema. "Lakini nikuulize jambo moja, nikienda majini niwe nimeliuliza. Nataka kuja kwenu kuleta posa. Najua siyo wakati wake. Ila nisipolisema, utafikiri nilichotaka ni kusamehewa tu, na mimi sitaki kusamehewa halafu niondoke. Nataka kubaki."

Edina alitazama maji. Wapagazi walipita kati yao na gunia, wakaomba radhi, wakapita.

"Nimekusamehe," alisema hatimaye. "Ila hasira bado ninayo. Vyote viwili ninavyo, usiniulize kwa nini."

"Sikuulizi."

"Na nakupenda. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi."

Nickson hakuthubutu kutabasamu. Nahodha akapiga honi.

"Njoo Ujiji Jumapili," Edina akasema. "Baba atakuwepo. Lakini nitaanza mimi kuongea. Nitamweleza ulichonifanya, chote, na wewe utakuwa umekaa hapo unasikiliza. Nikimaliza ndipo useme lililokuleta."

"Akinikataa je, kabla sijasema?"

"Basi utakuwa umejua mtu anavyojisikia akihukumiwa kwa maneno ya mwingine. Tofauti ni kwamba mimi nitakuwa nimesema kweli."

Nyuma ya Nickson watu wa botini walikuwa wanamwita, Afisa, Afisa, tunakuacha.

"Nitakuja," alisema.

"Saa nne."

"Saa nne nitakuwa mlangoni." Akaanza kurudi nyuma kuelekea maji, bado anamtazama. "Edina, baba yako ni mkali?"

"Baba ni mpole sana," Edina alimjibu, na hapo tabasamu likamponyoka kabla hajaliwahi. "Mkali ni mimi."

Nickson akaingia majini na viatu vyake.